Sonda ya motokari imekwama: baba, ngoja kwanza!

Wafanyakazi ndugu, na ninyi mama wa nyumba, leo ukurasa huu unatoka shimoni na kiwandani, unaingia katika lupango. Wengi wenu mna motokari sasa. Nyingi ni za mkono wa pili kutoka Japani, zilipita Dar es Salaam, na zimekwisha kula miaka 20 au zaidi. Siku ya mapumziko baba anavaa nguo za zamani na kuingia chini yake. Simlaumu. Bei ya garaje tunaijua sote, na mtu anayetengeneza kitu chake kwa mkono wake anastahili heshima. Lakini kuna kazi moja inayotuletea watu dispensere Jumatatu asubuhi, mikono imefungwa vitambaa: kufungua sonda ya lambda iliyokwama katika eshapema.

Sonda hiyo ni nini? Ni kipande cha chuma kirefu kama kidole, kimekazwa kama buloni katika bomba la moshi. Ndani yake mna udongo mgumu uitwao zirkonia. Kazi yake ni kunusa moshi na kupima oksijeni iliyobaki humo, kisha kuiambia kompyuta ya motere iongeze au ipunguze esansi. Bosch ndio walioitengeneza, na Volvo zilianza kuibeba mwaka 1976 kwa sababu ya sheria kali za hewa kule California. Ikifa, taa inawaka mbele ya dereva, esansi inakwisha upesi, na moshi unakuwa mweusi. Basi inabidi itoke. Lakini imekaa miaka mingi katika moto na maji ya mvua, kutu imeyashika meno yake, haitaki kutoka.

Hapo jirani anakuja na shauri: ifungue motere ikiwa moto. Shauri hilo ni kweli nusu. Chuma kikipata joto kinapanuka, kutu inalegea, na sonda inazunguka kwa urahisi zaidi. Nusu isiyosemwa ni hii: bomba la moshi karibu na motere linafika digrii mamia, na chuma chenye digrii 60 tu kinaunguza ngozi kwa sekunde chache. Aliyelala chali chini ya motokari hana nafasi ya kuvuta mkono haraka. Kle inateleza, kiganja kinaangukia bomba. Mkono huo ndio unaoshika mashine ya kampani, ndio unaolisha nyumba.

Maoni yangu ni kwamba kazi hii ianze jana yake. Jioni, motere ikiwa baridi kabisa, mwagia meno ya sonda mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku mzima. Asubuhi rudia, ngoja, kisha panguza mafuta yaliyobaki juu ya bomba, kwa maana yakikuta joto yatatoa moshi, na yanaweza kuwaka. Halafu toa motokari nje, washa motere dakika chache tu, zima, vaa glovu nzito za ngozi na miwani, ndipo ujaribu. Bomba liwe na uvuguvugu. Likiwa linatoa moshi au linanuka kuungua, kunywa kwanza chai yako.

Tena angalia unachofungua. Katika Toyota nyingi za zamani sonda haikukazwa kwa meno yake yenyewe, inashikwa na nati mbili ndogo. Nimesikia habari za watu waliopigana na kitu kisichozunguka! Zile zenye meno zinataka kle ya 22. Kle ya mdomo wazi inakula pembe zake, na zikiisha, kazi imeharibika. Kama sonda imekufa na nyingine mpya iko mkononi, kata waya zake, uvalishe kle ya pete au ile ya bomba inayoshika pembe zote sita. Zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, urudie mafuta. Vuta kle kuelekea kwako, usiisukume, na uso wako usiwe mbele yake. Ile tabia ya kurefusha kle kwa kipande cha tiyo ukiwa umelala chali siipendi hata kidogo.

Sasa kriki. Hakuna mchimbaji anayekubali kufanya kazi chini ya paa la shimo lisiloshikwa. Mtu huyo huyo Jumapili analala chini ya kilo 1000 zilizoshikwa na kriki moja na matofali mawili. Tofali halikupi habari kabla ya kuvunjika. Mti chini ya paa huanza kulia kwanza. Weka shandeli za chuma, juu ya ardhi ngumu, na mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Na watoto wasicheze karibu. Mama, hilo ninakukabidhi wewe.

Lakini jambo linalonitia hofu kuliko yote halionekani. Motere iliyokufa sonda mara nyingi inachoma esansi nyingi mno, na kwa hiyo moshi wake una monoksidi ya kaboni nyingi kuliko kawaida. Gesi hii haina rangi, haina harufu. Ndani ya damu inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliijua vizuri. Mtaalamu John Scott Haldane alichunguza vifo vya migodini mwaka 1896, akashauri wachimbaji wabebe wanyama wadogo, maana hao wanaanguka kabla ya mtu. Ndege wadogo wa njano waliendelea kushuka shimoni kule mpaka mwaka 1986. Katika lupango lako huna ndege. Una mke na watoto.

Masika yakifika, au kwa kuogopa wezi, baba anaiingiza motokari katika garaje iliyoshikana na nyumba, anafunga mlango na kuwasha motere ili eshapema ipate joto. Dakika chache zinatosha kuleta hatari. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, mtu anatapika. Nyumbani wanasema: malaria. Wanampa vidonge na kumlaza pale pale! Basi jifunzeni kutofautisha. Kama hakuna homa, kama watu kadhaa wa nyumba moja wameumwa saa ile ile, na kama kichwa kinapungua mtu akitoka nje, fikirieni gesi. Mbabula iliyowekwa chumbani wakati wa baridi inafanya vilevile. Zima motere, fungua kila kitu, toa watu wote nje, mlete mgonjwa upesi apewe oksijeni, na useme wazi kwamba motere ilikuwa inawaka. Usione haya. Ile mashine ndogo tunayobana kidoleni inadanganyika na gesi hii, inaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Usiposema, hata munganga anaweza kukurudisha nyumbani. Na mama mwenye mimba aje hata kama anajisikia vizuri, maana mtoto wa tumboni anaumia zaidi yake.

Sonda ikikataa baada ya mafuta mara mbili au tatu, acha. Shalumo ni ya garaje, ambako kuna mtu anayejua bomba la esansi linapita wapi. Na kabla ya kupasha chochote moto, usitumie dawa ya kusafishia breki. Nyingine zina klorini, na zikikutana na moto zinatoa fosijeni, gesi iliyoua askari katika vita vya 1914 hadi 1918.

Wengine wanamaliza shauri kwa kuitupa sonda na kuziba tundu kwa buloni. Motere inatembea, ni kweli, lakini imekuwa kipofu. Inakunywa esansi, na gesi niliyoieleza inabaki pale pale. Ukishaitoa ya zamani, weka mpya, meno yake yakiwa na grisi ile ya kuzuia kukwama, wala grisi isiguse ncha. Mara nyingi mpya inauzwa imekwisha kupakwa.

Naomba pia jambo moja kwa wakubwa wa kampani. Kle ya 22 na shandeli 4 si mali nyingi. Garaje ya kampani iziazime kwa wafanyakazi siku ya mapumziko, mtu atie sahihi kama anavyotia sahihi kwa taa kabla ya kushuka shimoni. Watasema vitapotea. Taa zinarudi kila siku.

Kwa aliyekwisha kuungua: maji safi ya bomba, yanayotiririka, dakika 20. Vua pete kabla mkono haujavimba. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya mawese, hakuna kupasua malengelenge. Kutu ikiruka jichoni usisugue, funika tu, uje dispensere siku ile ile. Hata Jumapili kuna mtu wa zamu.