Tusizipime shule ndogo kwa gredi pekee

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, zipo shule ambazo hutajwa kwa kejeli tu. Ni zile shule ndogo za upili katika mitaa ya mabanda, zenye kuta za mabati, ambazo sera ya mwaka wa 2009 iliziweka katika kundi la elimu mbadala. Husemwa kuwa kazi yake ni kutoa alama za D. Ni kweli kwamba serikali ilipiga marufuku uorodheshaji wa shule mwaka wa 2014, lakini ulimi wa mtaani haukupigwa marufuku.

Nimewahi kufundisha katika shule ya namna hiyo jijini Nairobi, kwa hivyo sisemi ya kuambiwa. Mwaka mmoja tulikuwa na watahiniwa 12. Mmoja wao alikuwa amejifungua akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani, kisha akarejea. Wawili walibeba mizigo sokoni Gikomba kila Jumamosi ili wapate karo. Mwingine alikuwa na umri wa miaka 21, na aliona haya kuniita mwalimu mbele ya marafiki zake.

Hebu msomaji apige hesabu nami. Katika KCSE, B- ni pointi 8 na E ni pointi moja. Mtahiniwa mmoja aliyetarajiwa kupata B- akiugua na kuambulia E, wastani wa darasa la watu 12 huporomoka kwa zaidi ya nusu pointi. Katika shule yenye watahiniwa 240, mkasa uo huo huutikisa wastani kwa kiasi kidogo mno. Hata hivyo, shule hizi mbili hulinganishwa kana kwamba ni pacha. Isitoshe, shule kubwa za kitaifa huteua vijana waliokwisha kung'ara, ilhali ile ndogo huwapokea waliokataliwa kwingine. Ni nani basi aliyefanya kazi kubwa zaidi: aliyempokea mwenye A akamtoa na A, ama aliyempokea aliyeacha shule akamtoa na C?

Hata hivyo, sitaki maneno yangu yawe kichaka cha kujifichia uzembe. Tulikuwa na walimu wenzetu waliosema, "Hawa wamepitia mengi, wacha tu wamalize." Maneno hayo yalinikera wakati huo, na yanga yanikera. Yule mama kijana hakurudi shuleni ili ahurumiwe. Alitaka C+ ya kumwingiza chuo kikuu, na alijua kwamba somo la kemia lina karatasi ya vitendo. Sisi tulikuwa na birika mbili za kioo na jiko la mafuta ya taa.

Mwongozo wa mwaka wa 2020 unawaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani. Ni jambo jema. Lakini mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, uliowekwa mwaka wa 2018, ulilengwa kwa shule za umma. Anayerejea katika shule ya mabati huufuata ubao na chaki tu. Wizara ingeanza kwa kuchapisha, kando ya gredi za kila shule, umri wa watahiniwa na alama walizoingia nazo. Kisha iwapelekee maabara.