FIZIKIA BILA MWALIMU, ZAHANATI BILA TABIBU
Tulipojitawala mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari 12 tu wa Kiafrika! Mkoloni aliona wengi wetu tunatosha udresa, kisha akatucheka kuwa hatuna elimu.

Leo serikali ni yetu. Atakaye stashahada ya utabibu, kazi ya miaka 3, lazima awe amefaulu masomo 4 ya kidato cha nne, yakiwamo kemia, baiolojia na fizikia. Sawa, roho za watu hazichezewi. Lakini mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia atafauluje? Naye ndiye angekubali kukaa zahanati ya kijijini kwao! Tunadai mwalimu apelekwe huko kabla mtoto hajaulizwa cheti.