Mradi Hauishi Siku ya Uzinduzi

KATIKA Kishanda, na katika vijiji vyote vya Bukoba na Muleba, neno mradi si geni. Zipo kamati za maji, za shule, za zahanati na za barabara. Kilicho haba ni watu waliofundishwa namna ya kuuongoza mradi tangu unapobuniwa hadi unapokabidhiwa, na hata baada ya kukabidhiwa. Upungufu huo si jambo dogo. Gharama yake hulipwa na mwananchi, hasa mama apandaye mlima na ndoo kichwani wakati bomba la kijiji limekauka.

Historia ya maji vijijini ni shahidi wa kutosha. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba katika muda wa miaka 20, yaani ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa azimio jema, na nchi rafiki zilisaidia. Mwaka 1991 ukafika, lengo halijafikiwa. Sababu haikuwa fedha peke yake. Pampu nyingi ziliendeshwa kwa dizeli, na mahali pengi haikuamuliwa mapema ni nani atakayeilipia. Vipuri vilitoka mbali, fundi alikaa mbali, na wanakijiji ambao hawakushauriwa walilihesabu bomba kuwa mali ya Serikali. Ujenzi ulipangwa, matunzo hayakupangwa.

Mkoa wetu ulipata fundisho la pili. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2002, Sweden ilifadhili katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza mpango wa HESAWA, uliounganisha afya, usafi wa mazingira na maji. Mpango huo ulielekea zaidi kwenye visima vifupi vyenye pampu za mkono, kuboresha visima vya asili, kujenga vyoo na kufundisha kamati na mafundi wa vijijini. Mwelekeo huo ulikuwa sahihi. Lakini kila mfadhili ana siku yake ya kuondoka, na siku hiyo kisima hubaki na wenyewe. Ikiwa wenyewe walijifunza kuteka maji tu, bila kujifunza kuweka hesabu, kuagiza kipuri na kumsimamia fundi, kisima hicho hakina umri mrefu.

Basi misingi ya kuongoza mradi ni ipi? Kwanza ni lengo lenye kipimo. Kusema "tutaleta maendeleo ya maji" si lengo. Lengo ni kutaja kaya ngapi zitapata maji, kwa umbali gani, na ifikapo mwezi gani. Pili ni mipaka, ili mradi wa kisima usigeuke njiani kuwa wa kisima, josho na banda la soko kwa fedha zile zile. Tatu ni ratiba: mawe na mchanga vikusanywe kabla fundi hajafika, mvua za masika zihesabiwe, na kazi ya kujitolea isiangukie wakati wa kuvuna kahawa. Nne ni makisio ya fedha, pamoja na fungu la dharura na fungu la matunzo. Tano ni mhusika: kila kazi iwe na jina la mtu mmoja atakayeulizwa, kwani kazi ya wote aghalabu huwa haina mwenyewe. Sita ni ufuatiliaji, yaani kulinganisha kila mara lililopangwa na lililotendeka, kwa maandishi. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi. Sisi hatukubali. Mkulima wa kibanja hapandi mbuni leo akatazamia kuchuma kesho. Anajua kwamba itapita miaka kabla ya mavuno ya maana, kwamba nyasi za kutandaza zitakatwa rweya, na kwamba mbolea itoke zizini kwa wakati wake. Huko ni kupanga. Linalotakiwa ni maarifa hayo ya kibanja yaingie katika kamati ya kijiji, yakiwa na kalamu na karatasi.

Wala si mara ya kwanza kwa Taifa hili kuwafundisha wengi jambo linaloonekana gumu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kama afya ilifundishwa hivyo, uongozi wa miradi nao wafundishika.

Wengine watasema kwamba tangu mwaka 2019 upo Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, wenye wataalamu wake. Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini uendeshaji wa kila siku wa miradi hiyo umewekwa mikononi mwa vyombo vya watumiaji maji wenyewe. Mtaalamu hawezi kulala kisimani. Kadiri madaraka yanavyoshuka kijijini, ndivyo elimu ya kuyatumia inavyopaswa kushuka nayo.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge fungu la mafunzo katika kila mradi, na mafunzo hayo yatangulie mfuko wa kwanza wa saruji. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Gera, wilayani Missenyi, kipo jirani. Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya elimu ya watu wazima kama hawa. Nao wananchi wautumie mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, kudai wasomewe ratiba, mapato na matumizi.

Kiongozi asiyeweza kuisoma ratiba ya mradi hawezi kumhoji mkandarasi, na mwananchi asiyeijua hawezi kumhoji kiongozi. Utepe hukatwa kwa dakika moja, lakini maji hutakiwa kila asubuhi. Tujifunze kuongoza miradi yetu, ili itutumikie baada ya wageni wa heshima kwenda zao.