"Anafanana" Si "Ndiye"

Kitenzi "kufanana" ki katika kauli ya kutendana. Ukisema Juma anafanana na Ali, umekwisha kusema pia kuwa Ali anafanana na Juma, na hapo hakuna aliyeshtakiwa. Lakini ukisema "Juma ndiye", umemnyoshea kidole mtu mmoja na kuwaacha wengine wote. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua tofauti hii. Polisi wa Detroit, nchini Marekani, hawakuizingatia, na mtu asiye na hatia akalala korokoroni.

Mtu huyo ni Robert Williams. Mnamo Oktoba 2018, saa za thamani ya dola 3,800 hivi ziliibwa dukani mjini humo. Kamera ilinasa picha ya mwizi, tena picha hafifu, kofia kichwani. Polisi wa jimbo la Michigan wakailinganisha kwa kompyuta na mamilioni ya picha walizohifadhi, zikiwemo za leseni za udereva, na miongoni mwa sura zilizotoka ikawamo ya leseni ya zamani ya Williams. Tarehe 9 Januari 2020 alitiwa pingu nje ya nyumba yake, mbele ya mkewe na binti zake wadogo, akazuiliwa kwa muda wa saa 30 hivi. Baadaye mashtaka yakatupwa.

Ajabu ni kwamba hati iliyotoka kwa polisi wa jimbo ilibeba onyo kwa herufi kubwa: huu si utambulisho, ni fununu ya kuanzia upelelezi, wala si sababu ya kumkamata mtu. Kompyuta ilisema "anafanana". Neno "ndiye" liliongezwa na binadamu. Na liliongezwaje? Mfanyakazi wa kampuni ya ulinzi, ambaye hakuwako dukani siku ya wizi, alionyeshwa picha 6, ya Williams ikiwa mojawapo, akaichagua hiyo. Yeye alikuwa ameona nini? Video ile ile! Basi kilichothibitishwa ni kwamba Williams anafanana na picha, jambo ambalo mashine ilikuwa imekwisha kulisema. Shahidi wa pili alikuwa mwangwi wa wa kwanza.

Kwa maelezo ya Williams mwenyewe, aliishika picha ile karibu na uso wake, na askari kanzu mmoja akasema yamkini kompyuta imekosea. Nimeitafakari sana sentensi hiyo. Kiima chake ni kompyuta. Askari ametoweka kabisa. Ni sarufi ya mtoto amwambiaye mamake, "Kikombe kimevunjika." Mama yeyote hujua swali linalofuata.

Watakuwapo watakaosema kwamba kosa moja si hoja, na kwamba mitambo hii imesaidia kunasa wahalifu. Sikatai. Lakini aghalabu, katika upelelezi wa namna hii, mtambo hutoa orodha ya sura zinazoikaribia picha, hata kama mwizi mwenyewe hayumo katika hifadhi. Tunasema duniani ni wawili wawili. Katika hifadhi ya mamilioni wafananao ni wengi zaidi. James Craig, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Detroit, alikiri mwaka 2020 kuwa mtambo ukitegemewa peke yake ungekosea karibu mara 96 kwa kila 100. Hata hivyo, Februari 2023, polisi hao hao walimkamata mwanamke mwenye mimba ya miezi minane kwa njia iyo hiyo. Kesi yake nayo ikatupwa.

Hayo yanatuhusu nini sisi? Desemba 2019, Taasisi ya Kitaifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilichapisha uchunguzi wa programu 189 za kutambua sura. Kosa la kumchukua mtu kuwa mwingine lilionekana zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, ingawa baadhi ya programu bora zilikuwa na tofauti ndogo. Afrika Mashariki ni sisi. Nasi tuna kamera za polisi Nairobi na Mombasa, zilizotokana na mkataba wa 2014 uliokusudia kamera 1,800. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, lakini hakimwelezi askari wa zamu tofauti kati ya fununu na ushahidi.

Detroit imelazimika kuieleza. Katika mapatano ya Juni 2024, ilikubali kumlipa Williams dola 300,000, na kuweka kanuni kwamba polisi wasimkamate mtu kwa matokeo ya mtambo pekee, wala kwa kumwonyesha shahidi safu ya picha iliyotokana moja kwa moja na matokeo hayo. Kanuni kama hiyo iandikwe hapa, kwa Kiswahili anachokielewa mshukiwa, kabla ya mtu wa kwanza kufikishwa kortini kwa sababu ya sura yake. Na hati itokayo katika mtambo iseme "anafanana", kisha imfikie hakimu bila neno hilo kuguswa njiani.