Injini ya Kupandikiza: Ukubwa Si Kigezo cha Kwanza

Injini ya mtumba inayofaa kupandikizwa ni ile inayokaa kwenye gari bila kulazimisha vitu vingine vingi kubadilishwa. Kigezo hicho hupuuzwa sana. Mnunuzi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, huulizia bei na cc, kisha gharama halisi humkuta gereji.

Toyota Hilux Surf ya LN130, iliyotoka kiwandani na 2L-TE, yaonyesha jambo hili vizuri. Injini hiyo ya dizeli ya cc 2,446 ina tabo, na pampu yake ya dizeli huongozwa na kompyuta. Udhaifu wake mafundi wanaujua: ikichemsha, silinda hedi hupasuka. Hapo mwenye gari hubaki na njia tatu: kutafuta 2L-TE nyingine, kuhamia 3L au 5L, au kupanda hadi 1KZ-TE.

Njia ya kwanza ni nyepesi kwa fundi, lakini huirudisha hatari ile ile ndani ya boneti. Kama rejeta iliyoziba ndiyo iliyoua injini ya kwanza, haitaihurumia ya pili.

Kwa Surf hii, njia ya pili ndiyo yenye busara zaidi. 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986 ni za ukoo mmoja na 2L, hivyo hushikana na gia boksi ile ile, na pampu yao ya mekanika haihitaji kompyuta. Hata hivyo, ukoo mmoja haumaanishi kila kitu kinalingana. Nyingi za injini hizi zimetoka kwenye HiAce, na sampu ya HiAce haikutengenezwa kupita juu ya difu ya mbele ya Surf. Fundi makini huhamisha sampu ya Surf pamoja na mrija wake wa kufyonza oili. Akibadilisha sampu na kuuacha mrija usiolingana nayo, mrija huo unaweza kuvuta hewa gari linapopanda mlima, na beringi zikaisha mapema. Gia boksi ikiwa ya otomatiki, nayo lazima ipate taarifa ya mafuta yanavyokanyagwa. Bila hiyo gia hubadilika ovyo.

Hasara ya kweli ya 3L na 5L ni kukosa tabo. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Dar es Salaam au Mombasa tofauti hiyo haisikiki. Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700, gari lenye mzigo litaomba gia ndogo mapema. Anayeishi nyanda za juu ana haki ya kuifikiria 1KZ-TE ya cc 2,982, yenye tabo. Toyota yenyewe iliifunga kwenye bodi hiyo hiyo, katika Surf ya KZN130, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini inunuliwe pamoja na gia boksi yake, nyaya zote, kompyuta, mauntingi na rejeta, ikiwezekana kutoka kwenye gari moja lililokatwa nusu. Anayenunua injini tupu halafu akaanza kuokoteza nyaya duka kwa duka atalipa zaidi, na gari litalala gereji. Hedi ya 1KZ nayo haivumilii kuchemka.

Injini yoyote itakayochaguliwa ipimwe kompresheni kabla ya fedha kutoka, na silinda zote nne zikaribiane. Kizibo cha oili kikiwa na utando mweupe kama maziwa, huenda maji yamepita, iachwe. Mkanda wa taimingi ubadilishwe injini ikiwa bado iko chini, maana ukikatika vali hugongana na pistoni.

Karatasi ni sehemu ya ulinganifu pia. Kadi ya gari Tanzania, sawa na logbook Kenya, huandika namba ya injini. Muuzaji asiyetoa risiti yenye namba hiyo anamwachia mnunuzi mzigo wa kuthibitisha kwamba injini si ya wizi. Namba mpya ipelekwe TRA au NTSA kubadilishiwa kumbukumbu, na bima ijulishwe, kabla gari halijarudi barabarani.