Lupango na karatasi yake

Wengi wenu mnakaa komini ya Annexe, katika lupango ambayo baba aliipata kwa chifu wa kijiji, au anayoikodi kwa mtu ambaye naye aliikodi kwa Serikali. Je, mmewahi kuisoma karatasi aliyopewa?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, usioweza kuuzwa. Raia hupewa haki ya kuutumia, nayo huthibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Mkataba wa kukodi kiwanja cha Serikali hauzidi miaka 3. Kwa kawaida ni maandalizi tu ya haki kubwa zaidi. Basi aliyekodi kwa mpangaji ameshika nini? Hawezi kupata zaidi ya kile alichonacho aliyemkodisha. Muda wa huyo ukiisha, nyumba ya matofali inabaki juu ya udongo wa mwingine.

Siwalaumu wazee. Kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo kiliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wanaokaa kwenye ardhi za kimila. Miaka 50 ilipita bila amri hiyo kutoka. (Mwalimu akichelewesha masahihisho hivyo, angefukuzwa.) Kila nisikiapo habari za kurekebisha sheria ya ardhi, nauliza kwanza kama ahadi hiyo imo.

Kwa sasa, iombeni karatasi ya nyumbani. Tazameni jina lililoandikwa juu yake na tarehe ya mwisho, kabla kaka hajaongeza chumba kingine.