Wasifu Usiosomwa Makaburini

Ni ada iliyoenea katika Nyanda za Juu Kusini kwamba, kabla ya jeneza kushushwa, husimama mmoja wa jamaa, akakunjua karatasi, akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mahali fulani, akasoma mpaka darasa fulani, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto, akastaafu, akaugua, akafariki, na mwisho hutajwa hesabu ya wajukuu na vitukuu. Karatasi ya marehemu baba yangu ilisomwa hivyo hivyo, kwa sauti nzuri na bila ya kosa, nami nilisadiki kila neno lililokuwamo, lakini baba mwenyewe sikumwona. Ilisema kwamba alikuwa mhudumu wa shule ya msingi, kwanza Iringa na halafu Mbeya, mpaka alipostaafu. Juu ya mpira haikutamka neno, kwa sababu kazi ya mpira hakuna aliyempa barua yake.

Mhudumu wa shule, kwa asiyejua, ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hupiga kengele, ambayo katika shule zetu nyingi ni rimu la gari lililotundikwa mtini. Hufyeka nyasi, hutunza funguo za stoo, huchukua barua kupeleka kwa afisa elimu wa kata. Ujira wake ni haba, na staha apewayo aghalabu ni haba kuliko huo ujira. Baba aliyatimiza hayo yote, kisha ilipotimu saa kumi alasiri, walimu wakiwa wamekwenda kusahihisha madaftari au kutafuta riziki ya pili, ndipo alipoianza kazi ambayo moyo wake uliitaka. Alichora mistari ya kiwanja kwa majivu ya jikoni pale chokaa ilipokosekana. Alishona mipira iliyopasuka kwa shazia na uzi uliopakwa nta. Aliwachongea wasichana milingoti ya netiboli kwa miti ya mkaratusi. Na katika baridi ya Juni, ambayo huko Mbeya haina huruma kwa mtoto aliye peku, aliwakimbiza vijana kukizunguka kiwanja mpaka wakasahau kutetemeka.

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wazazi wengi, nayo ni kwamba mtoto aliyetoroka darasani hachezi, hata akiwa ndiye mfungaji wa pekee tuliyemtegemea. Mwalimu mmoja alipata kumsihi, siku ya mchezo wa kata, akamwambia, "Mzee, mwache huyu acheze leo tu." Baba akamjibu, "Mwalimu, leo nikimwacha, kesho nitamfunza nini?" Tulifungwa mabao mengi kwa sababu ya sheria ile. Wala sitaki kumpamba kupita haki yake: nyumbani alikuwa mkali, na sisi wanawe tulikuwa na husuda kwa watoto wa wenzake waliokula jioni zake zote, ilhali mama alikipasha moto chakula kilekile mara mbili na mara tatu akimngoja.

Baba wa namna hii yumo karibu katika kila shule kongwe ya mikoa yetu, awe mhudumu, mlinzi, mpishi au mwalimu wa darasa aliyejitwika michezo, na fahari yetu yote katika soka imeanzia mikononi mwake. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mbeya City ya kocha Juma Mwambusi ilipopanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikashika nafasi ya tatu. Lipuli ya Iringa ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 na kufungwa na Azam bao moja kwa bila huko Lindi. Katika nyakati zote hizo magazeti yaliandika majina ya wachezaji na ya makocha wa klabu, na yaliandika kwa insafu, ila mchezaji hazaliwi akiwa na umri wa miaka ishirini. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa mpaka taifa, na katika ngazi ile ya chini kabisa, isiyokuwa na posho wala mpiga picha, ndipo mtu huyu anaposimama na filimbi yake.

Mbeya ina Uwanja wa Sokoine na Iringa ina Uwanja wa Samora, majina ya viongozi wawili waliofikwa na mauti katika ajali, mmoja ya gari mwaka 1984 na mwingine ya ndege mwaka 1986, nami siwanyimi taadhima yao. Simtakii baba uwanja wenye jina lake. Ninachokitaka ni uwanja wenyewe ubaki kuwa uwanja, na hapo ndipo penye kadhia.

Mbeya imelala chini ya mlima Loleza, na mji wa Iringa umekaa juu ya bonde la Ruaha Mdogo. Katika miji ya namna hiyo ardhi tambarare ni adimu, na sehemu iliyo tambarare kuliko zote katika eneo la shule mara nyingi ni kiwanja cha michezo. Tangu mipango mikubwa ya ujenzi ianze, MMEM wa elimu ya msingi mwaka 2002 na MMES wa elimu ya sekondari mwaka 2004, na tena mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000 nchini, kila fundi aliyetafuta mahali pa kuchimba msingi bila ya gharama ya kusawazisha amekitazama kiwanja kwa jicho la tamaa. Mimi si adui wa madarasa; baba mwenyewe alibeba mawe ya kujengea darasa, na mtoto aliyebanana na wenzake sakafuni hawezi kuambiwa angoje kwa ajili ya goli. Lakini darasa linaweza kupanda juu kwa ghorofa au kusogea mtelemkoni, na kiwanja hakiwezi lolote katika hayo.

Kwa hiyo naziomba kamati za shule na halmashauri zetu zivipime viwanja, ziviwekee bikoni, na zivitaje kwa jina katika ramani ya shule, ili mkuu wa shule ajaye na diwani ajaye wavikute na mipaka yake. Nitaambiwa kwamba fedha hakuna. Fedha ya kupima kiwanja kimoja haiwezi kufika gharama ya darasa moja, na wazazi wanaochangia makombe ya ukumbusho, ambayo hudumu miaka miwili mitatu yakafa na walioyaanzisha, wangeweza kuichangia. Katika ukoo wetu shauri hili limekwisha kukubaliwa: rambirambi zilizosalia zitakwenda kwenye bikoni, tukiruhusiwa, badala ya kombe la mbuzi lililokuwa limependekezwa, ingawa baba mdogo angali akiuliza kila tukutanapo kwamba mbuzi aliyekwisha kununuliwa atafanyiwa nini.